Dawa ikiwasha: yanayoipata ngozi ya mgonjwa wa limfoma anapopaka klorometini

Leo tuzungumzie saratani ambayo wengi wetu hatujawahi kuisikia, na dawa yake ya kupaka ambayo huwasha kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa huiacha kabla haijamaliza kazi. Mada yenyewe ni finyu, lakini inabeba swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kupaka dawa ya ngozi ameshajiuliza: ngozi ikichachamaa baada ya kupaka, je, dawa inanidhuru, mwili wangu umeikataa, au ndiyo inafanya kazi? Kwa wagonjwa hawa jibu lina uzito. Wakiendelea wakati walipaswa kusimama, wanaishia na vidonda. Wakiacha wakati walipaswa kuendelea, wanapoteza mojawapo ya dawa chache zinazotuliza ugonjwa wao bila kuusumbua mwili mzima.

Saratani inayojifanya pumu ya ngozi

Ugonjwa unaitwa mikosisi fungoidi, na ndiyo aina inayoonekana zaidi kati ya limfoma zinazoanzia kwenye ngozi. Jina lake linapotosha. Ukilisikia unadhani ni fangasi, kumbe fangasi hahusiki hata kidogo. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyefanya kazi Hôpital Saint-Louis jijini Paris, alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1806, na kwa kuwa vivimbe vya mgonjwa yule vilifanana na uyoga, jina likaenda huko na halikurudi tena.

Kinachotokea ni hiki. Seli T ni sehemu ya kinga ya mwili, na nyingine huishi ndani ya ngozi muda wote zikipiga doria. Katika ugonjwa huu ukoo mmoja wa seli hizo, yaani zote zilizotokana na seli mama moja, huacha kutii amri ya kupumzika na kufa. Unaongezeka polepole na kujipanga kwenye tabaka la juu la ngozi. Mtu anaanza kuona mabaka bapa yenye magamba membamba, mara nyingi sehemu zinazofunikwa na nguo: makalio, mapaja, kiuno, kifua. Yanawasha, au hayawashi. Yanapotea kidogo, yanarudi.

Kwenye ngozi nyeupe mabaka haya huwa mekundu. Kwa watu weusi, hasa watoto na vijana, kuna sura nyingine ambayo vitabu vingi huitaja kwa mstari mmoja tu: mabaka yaliyopauka, yaliyopoteza rangi. Sasa fikiria mtu mwenye mabaka meupe-meupe mgongoni anavyopita mitaani kwetu. Wa kwanza atamwambia ni mba. Wa pili atasema mbalanga. Kliniki watafikiria ukoma, na wana haki ya kufikiria hivyo, maana ukoma bado upo. Mwingine atasema ni pumu ya ngozi na kumpa krimu yenye steroidi. Krimu hiyo itazituliza zile seli kwa muda, mabaka yatafifia, na mtu atajiona amepona. Daktari akikata kinyama cha kupima wakati huohuo, maabara inaweza isione chochote cha maana. (Na mkorogo mwingi una steroidi ndani, hata kama kwenye kopo haijaandikwa.) Ndiyo maana ni jambo la kawaida mgonjwa kuzunguka miaka kadhaa kabla ya kupewa jina sahihi la ugonjwa wake.

Habari njema ni kwamba wengi wanapogunduliwa wako hatua za mwanzo. Hatua ya IA maana yake ni mabaka yaliyochukua chini ya asilimia 10 ya ngozi yote. IB ni asilimia 10 au zaidi. Kipimo cha haraka ni kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake, ambacho ni takribani asilimia 1 ya ngozi yake. Mgonjwa wa IA kwa kawaida huishi umri uleule ambao angeishi bila ugonjwa huu.

Basi kwa nini asitundikiwe dripu ya kemo mapema, wakamalizana? Swali hilo lilijaribiwa. Watafiti wa Marekani waliwagawa wagonjwa 103 kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa kemo pamoja na mionzi ya elektroni ya ngozi nzima. La pili lilianza na tiba za kupaka na kupanda ngazi kadiri ugonjwa ulivyodai. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Tiba kali ilifuta mabaka kwa watu wengi zaidi mwanzoni, lakini haikuwaongezea maisha, na madhara yake yalikuwa mazito. Tangu hapo kanuni imebaki hiyo: ugonjwa ukiwa bado kwenye ngozi, utibu kwenye ngozi.

Dawa iliyotoka kwenye silaha

Klorometini, ambayo Wamarekani huiita mekloretamini, ni ya ukoo wa gesi ya haradali. Ile ya vitani ina salfa. Wajerumani waliifungulia karibu na Ypres, Ubelgiji, Julai 1917, na Waitalia wakaimwaga Ethiopia mwaka 1935 na 1936. Haina undugu na haradali ya jikoni zaidi ya harufu. Waliopigwa nayo walitoka malengelenge mwili mzima, na waliochunguzwa baadaye walionekana kuwa seli zao nyeupe za damu zimeporomoka. Mwaka 1942 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale, wakiwamo Louis Goodman na Alfred Gilman, walianza kumtibu mgonjwa wa limfoma kwa ndugu yake gesi hiyo, mwenye nitrojeni badala ya salfa. Uvimbe uliyeyuka, ingawa ulirudi. Kwa sababu ya siri za vita, habari hazikuchapishwa hadi 1946. Kutoka mzizi huohuo ikaja siklofosfamidi, ambayo miaka ya 1960 madaktari wa Kampala waliitumia kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt, kwa hiyo ukoo huu si mgeni Afrika Mashariki.

Miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuipaka klorometini moja kwa moja kwenye mabaka ya mikosisi fungoidi. Kwanza iliyeyushwa kwenye maji, kisha ikachanganywa kwenye mafuta mazito na wafamasia, kila mmoja kwa mkono wake. Agosti 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha jeli ya kiwandani yenye asilimia 0.016 ya dawa, iitwayo Valchlor. Ulaya iliidhinishwa mwaka 2017 kwa jina la Ledaga.

Nimeirudia historia hii kwa sababu moja tu: malengelenge. Tunazungumzia kitu ambacho kwa asili yake huchoma ngozi, kikapunguzwa makali hadi kiasi ambacho ngozi inaweza kukivumilia. Kwa hiyo mgonjwa anaposema "hii dawa inaniunguza", hasemi jambo la ajabu.

Mikono miwili

Molekuli ya klorometini ina kama mikono miwili. Kila mkono hupenda kushika herufi G kwenye DNA. Mmoja ukishika uzi huu na wa pili ukashika uzi wa upande wa pili, nyuzi mbili zinafungwa pamoja, na seli inashindwa kuzitenganisha ili igawanyike. Seli inakufa. Tatizo ni kwamba mikono hiyo haiulizi kitambulisho. Seli T yenye saratani ipo jirani kabisa na seli za kawaida za ngozi, na zile za tabaka la chini nazo zinagawanyika kila siku ili kutupatia ngozi mpya. Zinaguswa pia.

Hapo ndipo panazaliwa aina ya kwanza ya madhara: muwasho wa kemikali, bila mzio wowote. Seli za ngozi zimejeruhiwa, zinatoa ishara za hatari, mishipa midogo inatanuka, ngozi inavimba kidogo, inachoma na kuuma kama iliyochubuliwa. Unakaa palepale ulipopakwa. Ukizidisha dozi unazidi, ukipunguza unapungua. Mikunjoni, yaani kwapani, kwenye kinena, chini ya matiti na sehemu za siri, unakuja haraka zaidi kwa sababu ngozi ya huko ni nyembamba, ina unyevu na inasuguana. Uso vilevile. Na tusiilaumu dawa peke yake: jeli ina vimumunyisho vinavyoisaidia kupenya, pamoja na propilini glikoli na alkoholi, ambavyo vyenyewe huweza kuiudhi ngozi.

Aina ya pili ni mzio halisi, kile tunachokiita aleji, na njia yake ni tofauti kabisa. Ileile mikono miwili hushika pia protini za ngozi. Protini iliyoshikwa inabadilika sura, na seli za ulinzi za tabaka la juu, seli za Langerhans, zinaiona kama mgeni. Zinaichukua hadi kwenye tezi za limfu na kuionyesha kwa seli T. Huko kinga inajifunza. Safari ya kwanza huchukua siku kumi hadi wiki mbili, wakati mwingine zaidi, na mgonjwa hahisi kitu. Baada ya hapo kila akipaka, ndani ya siku moja hadi tatu ngozi inalipuka: muwasho mkali, vipele, uvimbe, wakati mwingine malengelenge yenye maji, na vinavuka mipaka ya pale alipopaka. Dozi ndogo sana inatosha kuuamsha. Ule muwasho wa kemikali unatulia ukipunguza dozi. Mzio hausikii sana lugha hiyo.

Hebu tazama kejeli iliyopo hapa. Saratani ni ya seli T. Mzio unaletwa na seli T. Yaani kwenye ngozi ileile, jeshi la seli T zilizo timamu linaivamia dawa iliyoletwa kuua seli T zilizoasi.

Na kejeli haijaisha. Mwaka 1968 Ratner, Waldorf na Van Scott walieleza walivyofanya jambo ambalo leo lingetustua: walizusha kwa makusudi mmenyuko wa mzio wa namna hii juu ya mabaka ya mikosisi fungoidi. Baadhi ya mabaka yalipungua. Ikaonekana kwamba fujo ya mzio yenyewe inaweza kuzifagia seli za saratani. Tangu hapo swali limebaki mezani: je, ngozi inayochachamaa chini ya klorometini inaonyesha madhara au mafanikio? Data za jaribio kubwa la jeli zilipopitiwa upya miaka ya karibuni, zilidokeza kwamba wagonjwa waliopata muwasho wa ngozi walielekea kuitikia tiba vizuri. Kwa maoni yangu hilo lisichukuliwe kama sababu ya kumwambia mgonjwa avumilie tu. Linatosha kutuzuia tusifikiri kwamba wekundu ni ushahidi wa dawa kushindwa, basi.

Kuna mengine yanayofanana nayo

Kuna jambo la tatu ambalo huwatisha watu bure. Mgonjwa anapaka jeli mahali panapoonekana salama, karibu na baka, na baada ya wiki chache panajitokeza wekundu au magamba. Anashtuka: ugonjwa umesambaa! Mara nyingi haujasambaa. Seli mbaya zilikuwa zimejificha pale tangu mwanzo, chache mno kuonekana kwa macho, na dawa imezifichua. Ni kama kumwaga maji kwenye sakafu na kugundua mahali iliponyong'onyea. Maji hayakuitengeneza hiyo kasoro.

La nne ni bakteria. Ngozi iliyochubuka na kukunwa ni mlango wazi. Usaha, maumivu yanayoongezeka, joto, maganda ya rangi ya asali, homa: hayo ni maambukizi, yanataka dawa yake, na kuongeza au kupunguza jeli hakutasaidia. La tano ni ugonjwa kuendelea kweli, baka likawa nene, likawa uvimbe. Na kuna kidonda kimoja kisichopona au kinundu kipya kigumu, ambacho kinahitaji kukatwa kipimwe, kwa sababu dawa za ukoo huu zinahusishwa na saratani nyingine za ngozi. Katika jaribio la jeli zilionekana kwa takribani asilimia 4 ya wagonjwa, ingawa baadhi yao walikuwa wametumia kabla tiba nyingine zinazojulikana kuzileta.

Mambo matano, na yote mgonjwa atayaeleza kwa sentensi moja: "Daktari, ngozi imewaka."

Takwimu zinasemaje

Jaribio lililoipatia jeli kibali lilikuwa na wagonjwa 260 wa hatua za mwanzo. Nusu walipaka jeli, nusu mafuta yaliyochanganywa na mfamasia, mara moja kwa siku hadi miezi 12. Kwa waliotumia jeli, mabaka yalipungua kwa nusu au zaidi kwa asilimia 58.5, kwa mafuta ni asilimia 47.7. Sasa upande wa pili wa sarafu. Asilimia 56 ya watumiaji wa jeli walipata ngozi kuvimba na kuwaka kwa kiwango chochote, na asilimia 23 kwa kiwango cha kati au kikali. Asilimia 20 walilalamikia kuwashwa. Asilimia 6 walipata vidonda au malengelenge. Ilibidi asilimia 34 wasimamishe kwa muda, na asilimia 22 waliacha moja kwa moja kwa sababu ya madhara.

Takwimu ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote ni hii: kati ya walioacha kwa sababu ya madhara katika jaribio lile, asilimia 67 waliacha ndani ya siku 90 za mwanzo. Na siku 90 za mwanzo ni wakati ambao wengi hawajaona faida bado. Dawa hii ni ya mwendo wa kobe. Wengine mabaka yao yalianza kupungua baada ya miezi mingi. Kwa hiyo mgonjwa analipa gharama yote mwanzoni, na mapato yanakuja baadaye. Ukiwa hujaambiwa hilo mapema, kuacha ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu kabisa.

Kuna jambo lingine la kujua kuhusu jaribio hilo. Wagonjwa hawakuruhusiwa kupaka steroidi, ili matokeo ya dawa yasichanganyike. Tena walianza moja kwa moja kwa kupaka kila siku. Mtaani, yaani kwenye kliniki za kawaida, madaktari wengi hawafanyi hivyo. Wanamwanzisha mgonjwa siku moja kwa siku mbili, au mara mbili tu kwa wiki, kisha wanapandisha taratibu. Wengi huongeza mafuta ya steroidi ya nguvu ya kati, kama triamsinoloni ya asilimia 0.1, kwa saa tofauti na jeli. Utafiti mmoja mdogo wa Marekani ulijaribu hasa hilo, baka moja likipata jeli peke yake na jingine kwa mgonjwa yuleyule likipata jeli pamoja na triamsinoloni. Kwa hiyo zile asilimia 56 zisomwe kama picha ya matumizi magumu kuliko yanavyohitaji kuwa.

Wekundu usioonekana

Fomu nyingi za kupima muwasho wa ngozi huuliza: ni nyekundu kiasi gani? Swali hilo lilitungwa na watu waliokuwa wakitazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa namna hii huonekana wa zambarau, wa kijivu, au rangi tu inakolea na kuwa nyeusi zaidi kuliko jirani yake. Daktari asiyezoea anaandika "wekundu: hakuna" huku mgonjwa hajalala siku tatu. Na hili si jambo la pembeni: Marekani, ugonjwa huu unawapata watu weusi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe.

Kinachosaidia ni kutumia mkono. Ngozi ina joto kuliko upande wa pili? Imeinuka? Imekuwa ngumu na kukwaruza? Inauma ikiguswa? Picha za simu zilizopigwa mahali palepale, kwa mwanga wa dirishani, kila wiki, zinasema mengi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Halafu kuna madoa meusi yanayobaki baada ya muwasho kutulia. Katika jaribio yalihesabiwa asilimia 5. Hayaumi na si hatari, lakini yanaweza kukaa miezi, na mtu aliyeanza tiba ili aondokane na mabaka hapendezwi kupewa mengine. Afadhali aambiwe kabla. Kwa wale wenye mabaka yaliyopauka mambo yanageuka: rangi ikianza kurudi, vidoa vyeusi vikijitokeza katikati ya weupe, hiyo mara nyingi ni dalili nzuri. Sasa mtu anayeogopa weusi wowote mpya anaweza kuacha dawa siku ileile ilipoanza kumponya.

Maji, friji na mikono ya watu wa nyumbani

Sehemu kubwa ya muwasho hutokana na namna ya kupaka. Jeli inapakwa kama utando mwembamba, kwenye ngozi kavu kabisa: angalau saa nne kabla ya kuoga, au nusu saa baada ya kuoga. Maji huivunja molekuli hii haraka, na ngozi iliyolowa hupenyeza vitu kirahisi zaidi. Mafuta ya kulainisha ngozi yanaruhusiwa, tena yanasaidia, ila yakae mbali nayo saa mbili kabla au baada. Unaiacha ikauke dakika 5 hadi 10 ndipo uvae. Hufungi plasta au nailoni juu yake. Kwa kuwa ina alkoholi inashika moto, kwa hiyo jiko na sigara vikae mbali hadi ikauke. Inatunzwa kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8. Kwenye nyumba ambayo umeme unakatika mara kwa mara, hilo ni jambo la kumweleza mfamasia kabla ya kuchukua tyubu, si baada.

Mgongo haujipaki wenyewe. Anayemsaidia mgonjwa, awe mke, mume au binti, avae glavu za nitrili na anawe kwa sabuni baadaye. Akikosea na jeli ikamgusa, aoshe kwa sabuni na maji kwa dakika 15. Ikiingia jichoni ni dharura. Watoto wasigusane na mahali palipopakwa. Damu za wagonjwa walipopimwa baada ya kupaka jeli, dawa haikuonekana ndani yake, jambo linalowatuliza wengi wanaoogopa neno "kemo". Lakini ngozi ya mtoto anayembeba bibi yake mgongoni haijui tofauti hiyo.

Ikishawaka

Utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya jeli hii ni rahisi kuukumbuka. Kukitokea kidonda, lengelenge, au ngozi kuwaka kwa kiwango cha kati hadi kikali, mgonjwa anasimamisha na kumwona daktari. Ngozi ikitulia anaanza upya mara moja kila siku tatu. Ikivumilia kwa wiki moja au zaidi, anapanda hadi siku moja kwa siku mbili. Wiki nyingine ikipita salama, anarudi kila siku. Kama alikuwa na muwasho mdogo tu, mara nyingi inatosha kupunguza siku na kuongeza steroidi. Hakuna haja ya kuwa shujaa, na hakuna haja ya kuitupa tyubu.

Ikiwa kila akirudi ngozi inalipuka, hata kwa tone dogo, hata mbali na alipopaka, hapo ndipo mzio unashukiwa. Uthibitisho ni kipimo cha kubandika: kiasi kidogo kilichochujuliwa cha dawa, na pembeni yake kila kimumunyisho cha jeli peke yake, vinabandikwa mgongoni, vinaondolewa baada ya saa 48 na kusomwa tena siku moja au mbili baadaye. Kuchujua ni lazima, la sivyo klorometini itamuunguza kila mtu na kipimo kitasema wote wana mzio. Njia nyepesi zaidi ni kupaka tone mahali padogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, kwa siku kadhaa na kuangalia. Faida ya kupima ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ikigundulika kwamba mkosaji ni propilini glikoli, mgonjwa hajapoteza dawa. Amepoteza jeli tu, na mafuta yaliyochanganywa na mfamasia yanaweza kumfaa. Zamani, enzi za klorometini ya maji, mzio ulikuwa mwingi kiasi kwamba madaktari walijaribu kuizoesha ngozi kwa michanganyiko hafifu sana iliyoongezwa polepole, na wengine walifanikiwa.

Mzio ukithibitika kuwa wa klorometini yenyewe, basi imetoka kwenye orodha ya mgonjwa huyo, na zinabaki nyingine. Zipo steroidi kali za kupaka, ambazo zikitumika muda mrefu huikondesha ngozi na kuipausha. Upo mwanga wa UVB wa wigo mwembamba, ambao Tanzania na kwingineko hospitali zenye mashine huutumia pia kwa mbalanga na soriasisi, na ambao huwafaa vizuri wenye mabaka yaliyopauka. Shida yake ni nauli, maana ni mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi. Ipo pia jeli ya beksaroteni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Hiyo ni ya ukoo wa vitamini A. Nayo huwasha, hubabua na kuifanya ngozi iwake pale ilipopakwa, kwa njia yake nyingine kabisa, na mgonjwa atarudi kliniki na sentensi ileile.